Mimea Isiyohitaji Mtu

4 Februari

Kijiko, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ukiacha magoti ya Mama na kichwa cha Mama, na mimi ninayekimbizana na vyote viwili. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako ina ugonjwa: nikitaja tu neno "nyumbani", mtandao unakatika palepale. Basi karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho, utake usitake.

Habari za hapa. Bomba la jikoni limepasuka tena. Paka wa Mama kazaa ndani ya kabati la nguo, watoto watatu. Mama anasema ni wanne, na kila asubuhi ananituma nikamtafute wa nne. Zamani nilikuwa nabishana naye. Siku hizi nainama, namtafuta, narudi namwambia kalala.

Nimemhamishia chumba cha nyuma, kile alichotengenezea Baba saa zake, maana hakina ngazi. Kutwa anakaa dirishani anaangalia kile kipande kati ya nyumba na ukuta wa Fundi Mbao. Unakikumbuka: hatua ishirini urefu, mbili upana, pale uliposimama mlimau wa Baba. Tangu jirani yetu apandishe ukuta wake ukawa kama wa jela, jua halifiki pale, labda dakika chache saa sita mchana. Ni udongo mtupu. Kila siku akiamka Mama ananiuliza, "Mlimau umechanua?" Namwambia bado.

Nimechoka kusema bado, Kijiko. Nataka pawe na kitu. Wewe unatunza bustani ya hospitali nzima, watu wanakusifia, basi nisaidie na mimi. Niambie nipande nini kinachokubali kivuli, kinachokaa kijani mwaka mzima bila kupukutisha majani, na zaidi ya yote kisichohitaji mtu. Sitaki cha kumwagilia kila siku, wala cha kupogoa, wala cha kubembeleza. Kikishika, kishike chenyewe, hata kama hakuna mtu wa kubeba ndoo.

Kazi yenyewe itakuwa nyepesi, maana hakuna cha kupalilia. Hapajaota hata jani moja la gugu tangu mlimau ufe. Peupe kama sakafu.

Na likizo yako lini? Mwaka wa tano huu.

Dada yako


27 Februari

Dada Mkaguzi,

Shikamoo. Na nyingine mpelekee Mama, hata kama atakuuliza imetoka kwa nani.

Barua yako imenichekesha na kunisuta kwa pamoja, kama kawaida yako. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linalia kama mlango mbovu. Wamenihamishia upande wa nyuma wa hospitali, kati ya wodi ya wazazi na chumba cha maiti. Jua halipiti pale. Nimepajaza kijani mpaka wafiwa wanakuja kukaa wakisubiri karatasi zao. Juzi mganga mkuu alinisifu, nikajifanya sijasikia ili arudie. Akarudia.

Sasa mimea. Iko mitatu ninayoiamini kwenye kivuli. Wa kwanza ni ule wenye majani marefu yaliyosimama wima kama mapanga, ukingo wa njano. Hapa kazini tunauita Askari, kwa sababu ukiusahau mwezi mzima utaukuta umesimama vilevile. Upange nyuma, ukutani. Wa pili una majani mapana ya kijani kizito, yanachomoza moja kwa moja ardhini bila shina. Huo tunauita Shangazi: haufi na hauondoki. Uweke katikati. Wa tatu ni kangaga wa kawaida, yule wa majani kama manyoya ya ndege, mbele, pale maji ya paa yanapodondokea. Acha nafasi ya mkono mmoja kati ya mche na mche, na usiweke maua. Maua ya kivulini ni kazi tupu, na kwa vile umesema hutaki kazi, kijani kinatosha.

Ila nisikilize vizuri hapa. Usipande ardhini. Panda kwenye vyungu vikubwa au madebe, na udongo utoe kwingine kabisa, siyo hapo. Ukuta ule ni wa saruji, chokaa inashuka kila mvua ikinyesha, inaharibu udongo. Halafu vyungu vinapendeza, na unaweza kuvigeuza Mama aone upande mwingine.

Likizo tutaona. Mambo ya kazini hayaeleweki.

Mdogo wako, Kijiko


15 Machi

Kijiko,

Habari za goti? Huku Mama kapata mafua yakaisha, na wa nne bado hajapatikana.

Vyungu! Nakuomba mmea usiohitaji mtu, unaniletea chungu? Nani aliyenifundisha kwamba chungu kinakauka siku mbili tu, lakini mche wa ardhini unajitafutia maji wenyewe? Si wewe? Ulikuwa na miaka kumi, umeshika kijiko cha Mama cha supu unachimbachimba uani, unanihutubia kama bwana shamba. Jina lako umelipata hapo. Leo unataka niwe nabeba ndoo ishirini kila siku. Nani atazibeba, Kijiko? Hilo swali nakuuliza kweli, nijibu.

Nimepanda ardhini. Miche nimeipata kwa yule mama wa karibu na shule, Askari kumi na wawili, Shangazi tisa, na kangaga wengi sijawahesabu. Kazi ya asubuhi moja imenichukua nne. Kila shimo moja nakaa kwenye kigoda kwanza, maana pumzi yangu siku hizi ni fupi. Udongo mgumu, halafu hauna hata mnyoo mmoja. Nilidhani nitakuta minyoo.

Lakini ungemwona Mama. Nilipomfungulia dirisha akasema, "Baba yenu kafanya kazi leo." Akala chakula chote, akaomba kingine. Mwaka huu hajawahi kuomba kingine.

Cherehani nimempa mwenzangu tunayeshona naye dukani. Macho yamechoka.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, barua yako ilikaa mapokezi wiki tatu, walidhani ni ya mgonjwa.

Ing'oe. Najua umetoka jasho, najua utanitukana, lakini ing'oe yote kabla mizizi haijashika. Osha mizizi kwa maji safi mengi, uitie kwenye chochote ulicho nacho, ndoo iliyotoboka, beseni, hata sufuria bovu. Kuna udongo unaokataa mimea, Dada, na huo ni mmoja wao. Mwamini mtu wa kazi. Na tafadhali, hapo usipande mboga. Usipande kitu chochote cha kula.

Mbona umempa mtu cherehani? Ile hukuwa unaruhusu mtu hata kukalia kiti chake. Macho gani hayo yaliyochoka ghafla? Umekwenda kupimwa?

Kuhusu nani atabeba ndoo, tutazungumza.

Kijiko


9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo kidogo. Mimi nitakuambia mwishoni.

Imekufa. Barua yako imefika juzi, na kufikia hapo hakukuwa na cha kung'oa. Kangaga walianza, wakawa wa njano halafu kama karatasi iliyochomwa pembeni. Shangazi asiyekufa kafa. Askari wamelala chini mmoja mmoja, ukiwashika wanateleza mkononi, wameoza shinani. Wiki tano tu. Niliwamwagilia, nikawaacha, nikawamwagilia tena. Nililia kwa ajili ya majani, mtu mzima mimi.

Lakini siyo majani. Mama aliona. Alikuwa akiyahesabu kila asubuhi kwa kidole kwenye kioo, na alipoona yanakwisha, kumbukumbu moja ikamrudia, na si nyingine yoyote. Akaanza kupiga kelele kuelekea ukutani: "Muuaji wa mti! Umerudi tena! Umemuua mume wangu, sasa unataka nini?" Siku tatu mfululizo. Sauti ya Mama imekwisha lakini bado anapiga kelele bila sauti. Ndiyo mbaya zaidi.

Nami nikaamini, Kijiko. Kwa nini nisiamini? Baba alikufa akisema Fundi Mbao ndiye aliyeuwekea mlimau sumu, kwa sababu ya yale matawi yaliyokuwa yakidondoka kwenye mbao zake. Nikavaa viatu, nikaenda mlangoni kwake. Miaka saba sijagonga ule mlango. Alikuwa anapiga randa mlango wa kabati, kazeeka, nyusi nyeupe, vumbi la mbao mpaka masikioni. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia Mungu atamlipa kwa macho yake, na kumbe jicho lake moja tayari halioni. Aliweka randa chini akanisikiliza mpaka nilipoishiwa pumzi, halafu akaniletea kiti. Nilikaa kwenye kiti chake nikihema, nikashindwa kuondoka, ikabidi anishike mkono mpaka getini kwetu. Alinifikisha getini akasimama nje. Hakuingia.

Sasa habari zangu. Nimepimwa, tena zamani, kabla ya ile barua ya kwanza. Ni uvimbe tumboni, na umeshatembea. Daktari aliniuliza kama nina watu. Nikasema ninaye mdogo wangu. Akasema basi mwite.

Ndiyo maana nilitaka mimea isiyohitaji mtu. Nilifikiri, kama wewe hutakuja, angalau Mama atakuwa na kitu cha kuangalia. Sikutaka kukuambia hivi ili usije kwa kunihurumia. Sasa nakuambia: njoo kwa huruma, njoo kwa hasira, njoo kwa vyovyote.

Dada yako


2 Juni

Dada yangu,

Niliisoma barua yako kwenye stoo ya zana, nikakaa juu ya gunia la samadi mpaka wenzangu wakaja kunitafuta. Ungeniambia. Siku zote wewe ndiye unayejua kila mtu anaumwa nini, na wewe mwenyewe unakalia yako.

Kwa dereva wa lori aliyebeba barua hii utapata magunia manne ya udongo mzuri na miche ya Askari ndani ya makopo. Iweke juu ya meza mbele ya dirisha, nje, isiguse ardhi. Nimeandika kwenye kila kopo imwagiliwe lini.

Kuja sasa hivi imekuwa ngumu. Wamebakiza watu wawili tu bustanini. Labda mwezi wa tisa.

Fundi Mbao alisema nini hasa? Hata neno moja?

Kijiko


30 Juni

Kijiko,

Salamu. Mama hajambo, hapigi kelele tena. Anayaangalia makopo yako na kusema ni ya mgeni. Mimi sasa nalala zaidi ya ninavyokaa.

Umeniuliza swali moja tu katika barua yako nzima: hukuuliza naumwaje, hukuuliza nani ananipikia, umeuliza Fundi alisema nini, hasa, hata neno moja. Nalijibu.

Wiki moja baada ya mimi kumtukana, alikuja getini, akagonga, akaomba ruhusa aingie. Nikakumbuka kuwa geti lile hajajaribu kulivuka tangu msiba wa Baba, siku uliyomzuia mbele ya watu wote, kavaa koti lake, ukamwambia arudi kwake. Nikamwambia aingie. Alikuwa na makopo mawili matupu ya maziwa, na punje chache za maharage mkononi. Akaomba achote udongo wa chini ya dirisha, akajaza kopo moja. La pili akaenda kulijaza kwake, nyuma ya karakana. Akafukia maharage matatu kila kopo, akayapanga kwenye dirisha la Mama, yote mawili, akayamwagilia sawasawa. Akasema, "Mimi sijui dawa, mwanangu. Lakini maharage hayana ugomvi na mtu."

Mama aliyalinda kama mlinzi wa zamu. Ya kwake yaliota matatu, yamepanda mpaka kwenye kitasa. Ya kwetu yaliota mawili, yakanyoosha majani siku moja, siku ya nne yakageuka meupe, yakaanguka. Fundi alikuja akayaangalia kwa lile jicho lake moja. Akasema udongo huu umenyweshwa kitu, tena kingi, na si jana wala juzi. Akasema ingekuwa yeye, angeanzia wapi kupata dawa ya kuua hata magugu kwa miaka saba? Yeye anajua gundi na misumari. Ni mtu mwenye heshima, Kijiko, hakusema lililofuata. Aliniachia nilifikirie mwenyewe.

Nimelifikiria. Nimerudia barua zako zote. Usipande ardhini. Udongo utoe kwingine. Osha mizizi. Usipande kitu cha kula. Miche isiguse ardhi.

Sitakuuliza. Mtu mzima haulizwi. Nakungoja uniambie, ila usinicheleweshe, maana mimi sina mwezi wa tisa.

Dada yako


11 Agosti

Dada,

Nimeandika barua hii mara sita. Ya sita ndiyo hii, na nitaituma hata kama ni mbaya.

Ni mimi.

Unakumbuka shamba la miche nililokuwa nafanya kazi, lilivyofungwa. Tuliambiwa dawa zilizobaki zikabidhiwe, nami nikazikabidhi, isipokuwa dumu mbili. Ilikuwa dawa ya kuua majani, siyo hii ya kupulizia, ile inayomwagwa pembeni ya reli ili pasiote kitu miaka na miaka. Nilizichukua kwa ajili ya Baba. Ulikuwa unamwona, akitoka kwenye saa zake anainama pale nyuma kung'oa magugu, halafu usiku anashindwa kugeuka kitandani kwa mgongo. Nilitaka nimpumzishe. Nilitaka pawe mahali pasipohitaji mtu, kama ulivyotaka wewe.

Kipimo kilikuwa kimeandikwa kwenye dumu. Kwa eneo lile, vifuniko viwili ndani ya ndoo ya maji. Nilimwaga dumu zote mbili, Dada. Mimi mtu wa kazi, ninayejua kusoma, nilimwaga zote mbili kwa sababu nilitaka kazi iishe mara moja, asiiname tena maisha yake yote. Na mlimau sikuufikiria. Nilipita mbali na shina, nikajiona mjanja, nikasahau mizizi inakwenda wapi. Ni jambo ambalo ningemchapa kibao mtu wangu wa bustani akilifanya.

Majani yalipoanza kudondoka nilijua siku ileile. Nilipanga kumwambia Baba jioni. Lakini mchana wake Baba alishakwenda mpakani akamwita Fundi muuaji, mtaa mzima ukisikia. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na kikombe cha chai. Fundi alisema, "Mzee mwenzangu, mimi siwezi kufanya hivyo." Na mimi nikanywa chai. Nikajiambia nitasema kesho hasira zikipoa. Kesho yake wakaleta matofali ya ukuta. Kila siku iliyopita neno lilizidi kuwa zito, mpaka likawa halibebeki.

Halafu Baba akafa. Fundi akaja kuzika, na mimi ndiye niliyesimama getini. Unajua kwa nini nilimzuia? Watu walidhani ni uchungu wa kufiwa. Niliogopa akiingia atanitazama usoni. Nilimfukuza mtu msafi kwenye msiba wa rafiki yake ili nisitazamwe. Wiki ile ile nikahama, na tangu hapo mtandao wangu unakatika.

Na uliponiuliza upande nini, kabla hujachimba mashimo ukipumzika kwenye kigoda kila shimo, ningeweza kukuzuia kwa mstari mmoja. Niliandika habari za chokaa. Asubuhi zako nne nimezila mimi.

Udongo huo hauponi kwa samadi wala kwa maji. Inabidi uchimbwe wote mpaka kina cha goti, ubebwe ukatupwe mahali salama, pasipo shamba wala kisima, kisha pajazwe mwingine. Nitachimba mimi. Nimeacha kazi, nimewaambia jana. Nafika tarehe kumi Septemba na lori, na miche ya kivulini mizuri niliyoiotesha mwenyewe. Nitakaa na Mama. Nitabeba ndoo. Uliniuliza nani atazibeba, hilo ndilo jibu.

Nisubiri, Dada. Na barua hii usimwonyeshe Fundi. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimepiga magoti.

Kijiko


3 Septemba

Kijiko, mdogo wangu,

Huu siyo mwandiko wangu, umeshaona. Mkono wangu hauwezi tena kushika kalamu, na macho hayaoni herufi. Mwandiko ni wa Fundi Mbao. Nasema, anaandika. Ameniahidi ataandika kama ninavyosema, bila kuongeza wala kupunguza.

Barua yako alinisomea yeye. Hakukuwa na mtu mwingine, na mimi sikujua ndani kuna nini. Ilifika Jumanne, akakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, akavaa miwani yake. Aliposoma "ni mimi" aliishusha karatasi, nikamwambia endelea. Alisoma yote. Ya dumu, ya kikombe cha chai, ya getini. Alisoma na pale ulipoandika asionyeshwe. Sauti yake haikubadilika mpaka alipofika kwenye neno "rafiki yake", hapo akavua miwani akaifuta. Alipomaliza aliikunja, akaiweka chini ya mto wangu, akaniuliza kama nataka maji.

Kwa hiyo hilo la kupiga magoti limeshapita, mdogo wangu. Umekuwa ukichelewa kwa miaka saba, na hapo pia umechelewa.

Nimekukasirikia sana. Nimelala na hasira siku mbili, nikawaza kukuambia usije. Halafu nikawaza Baba alivyoacha kuinama baada ya pale. Kwa miaka miwili ile alilala vizuri. Hakujua ni wewe. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyekushukuru. Sasa sijui nifanye nini na hilo, nimekuachia wewe.

Kingine. Juzi nilisikia nyundo. Nikadhani ni kazi zake za mbao. Ilikuwa ukuta. Ameanza kuushusha, tofali moja moja, peke yake, na mgongo ule. Leo umefika kifuani. Nimeomba anigeuze nione, maana siku hizi nalala chumba kimoja na Mama. Jua limeingia mpaka kitandani kwa Mama, saa nne asubuhi, Mama akaweka mkono wake ndani ya mwanga akawa anaugeuza. Basi miche yako ya kivulini iache hukohuko kwa wafiwa wako. Itaungua hapa. Kivuli hakipo tena. Lete kitu cha juani, lete


Kijana,

Ni mimi, fundi. Dada yako alichoka hapo akasema tutamalizia kesho, ila kesho yake hakuweza kusema. Amefariki jana, tarehe tano, alasiri. Sikuongeza neno langu ndani ya maneno yake, ndiyo maana barua imeishia ilivyoishia. Naituma kwa yuleyule dereva wa lori. Tunakusubiri kumzika mpaka tarehe nane. Zaidi ya hapo hatuwezi.

Usidhani nimekusamehe. Nina miaka sabini na sita, na saba kati ya hiyo nimetembea mtaa huu nikiitwa muuaji. Sijui kama nitaweza. Ukuta nimeushusha kwa ajili ya mama yako. Lakini njoo. Getini hakuna atakayekuzuia.

Udongo nimeanza kuuchimba. Umebaki mwingi.

Leo asubuhi nilikuwa nakusanya matofali chini ya dirisha, mama yako akagonga kioo. Aliniita mwanangu, akaniita Kijiko, akaniuliza mbona nimekaa sana huko nilikokwenda. Halafu akauliza mlimau umechanua?

Nikamwambia bado.